Kitu Kilichotolewa Kwenye Gari la Baba

Siku gari la baba lilipochemka mbele ya geti jeupe la matajiri wa Spring Valley, nilikuwa nimebeba makreti ya sukuma na kabeji nyuma, mtoto wangu wa miaka mitatu kwenye kiti chake, na miguuni nilikuwa na viatu ambavyo havikununuliwa vikanyage matope. Mvuke ulitoka chini ya boneti kama jikoni kwa mama inapopikwa githeri ya wageni. Nikazima injini. Soja wa geti akatoka, rungu mkononi, akasimama mbali.

"Madam, gari yako inaungua."

"Haiungui. Inachemka."

"Kuna tofauti?"

"Ikiungua nitakwambia ukimbie."

Nikamwomba maji. Akaenda, akarudi na ndoo ya maji yenye rangi ya bluu na harufu ya dawa.

"Haya umetoa wapi?"

"Swimming pool. Ya mfereji iko na mita, mdosi huangalia. Ya pool hakuna mtu anapima."

Mtoto wangu akauliza kama gari linaenda kuogelea. Nilikuwa na hasira ya kutosha watu wazima, sikutaka kumgawia.

Ilibidi tungoje. Kifuniko cha redieta hakifunguliwi kikiwa moto, na kama hujui hilo, uliza fundi wangu wa mtaani kwetu Satellite, ambaye ana alama mkononi inayofanana na ramani ya Kisumu. Tukangoja mpaka chuma kikapoa, nikamimina maji ya bwana mkubwa ndani ya redieta, nikapeleka mboga zikiwa zimenyauka, nikaambiwa na wateja kwamba zimenyauka.

Sasa nieleze hili gari. Ni lile la zamani la kupanda milima, la mraba kama kabati, limenizidi umri. Baba alilitumia kubeba mboga kutoka shamba letu la Kabete, huko chini karibu na mto. Alipougua, mimi ndiye niliyemwendesha hospitali na kumrudisha. Kaka yangu mkubwa alikuwa na kazi, na kaka yangu mkubwa akiwa na kazi hata simu yake inakuwa na kazi. Kabla ya baba kufariki alisema mbele ya mama, akiwa na akili zake zote, kwamba gari ni langu. Baba wa mtoto wangu yupo, tunaishi naye vizuri, lakini hajui kuendesha hata baiskeli, kwa hivyo sitamtaja tena.

Kaka hakukataa. Yeye hakatai kitu, yeye hushauri. Tulipokaa pale kwa mama baada ya mazishi, alishauri kwamba gari la mzee haliwezi kuachwa life mikononi mwa mwanamke. Kila lilipochemka alipata habari, sijui kutoka kwa nani, na kila alipopata habari alimpigia mama simu. Mwishowe mama akachoka na sisi wote.

"Jumapili ya mavuno," alisema, "hiyo gari itanipeleka kanisani na vitu vyangu, vile baba yenu alikuwa ananipeleka. Ikifika bila kuchemka, ni ya huyu msichana na sitaki kusikia maneno tena. Ikichemka njiani, wewe kijana uichukue."

Kaka akasema ni haki. Bila shaka aliona ni haki. Kutoka kwa mama mpaka kanisani ni mlima mmoja mrefu, kanisa liko juu kabisa kwenye mgongo, na siku ya mavuno mama habebi tukapu. Anabeba shamba.

Basi nikaanza kutafuta ugonjwa wa gari. Fundi wangu wa Satellite hufanya kazi nje ya plot yetu, chini ya turubai. Si mtu mbaya. Shida yake ni kwamba huongea na mimi kana kwamba mimi ni simu ya mtu mwingine.

"Mwambie mzee anipigie."

"Mzee gani?"

"Mwenye gari."

"Mwenye gari ni mimi."

"Sawa, siz, nimekuelewa. Lakini mwambie anipigie."

Alibadilisha kifuniko cha redieta, akasema imepona. Ikachemka. Akabadilisha feni. Ikachemka. Akatoa redieta yote, akaipeleka kuoshwa ndani, ikarudi ikiwa nyepesi kama mtu aliyetoka kuungama. Ikachemka. Akaweka pampu mpya ya maji na mipira mipya ya maji, akajipangusa mikono na kusema, "Sasa hii haichemki tena, siz, hata uende nayo Sudan."

Sikuenda Sudan. Nilienda Spring Valley.

Jirani yangu mama wa maombi aliona ninavyoteseka, akaja na chupa ya mafuta ya upako akapaka boneti msalaba. Nilimshukuru. Kwa siku chache lilikaa vizuri, tukafurahi, mpaka nikakumbuka kwamba siku hizo chache nilikuwa nimeenda mjini tu, sikuwa nimebeba kitu. Hapo ndipo nilianza kufikiri badala ya kulalamika, ingawa naweza kufanya yote mawili kwa pamoja.

Nilifikiri hivi. Mjini, kwenye jam ya Ngara, gari linasimama pale jua likilipiga, magari hayasongi, watu wanauziwa karanga na chaja dirishani, na ule mshale wa joto kwenye dashibodi unakaa katikati, umetulia. Hata sikuwahi kuuangalia huko. Lakini nikitoka kule bondeni nikipanda, nyuma pamejaa, mguu umekanyaga mafuta, mshale unaamka na kwenda kwenye rangi nyekundu. Kama shida ingekuwa feni, si lingechemka kwenye jam, ambapo hakuna upepo isipokuwa wa feni? Nikampelekea fundi wazo langu.

"Kwa jam haichemki. Inachemka mlimani, nikiwa nimebeba."

Akafikiri sana, akikuna kidevu na spana.

"Basi usibebe."

"Kazi yangu ni kubeba."

"Ama usipande."

Nilimwacha hapo kabla sijapata kesi.

Jumapili iliyofuata tukala kwa mama. Kaka alikuja amevaa shati la kunyooshwa, akakaa kwenye kiti cha baba, akaanza kushauri kabla hata maji ya kunawa hayajaletwa. Mama alikuwa nje akimfukuza ng'ombe wa jirani kwenye nduma zake.

"Shida ya hiyo gari ni dereva," kaka alisema. "Mimi hiyo gari nimeifanyia kila kitu. Hata themostati nilitoa mwenyewe, na mikono hii."

"Ulitoa nini?"

"Themostati. Kadude kadogo, kako kama kifuniko cha chupa, kanakaa njiani kanazuia maji. Hiyo ni kitu ya nchi za barafu, siz. Inasaidia injini ya mzungu ipate joto asubuhi. Hapa kwetu joto ni ya bure."

"Ulitoa lini?"

"Mzee alipoanza kuugua. Nilimsaidia tu."

"Ulimwambia?"

"Mtu ni mgonjwa, nimsumbue na vyuma?"

"Na hiyo kitu iko wapi?"

"Nilitupa. Kwani ningeweka kwa albamu?"

Lazima niseme ukweli. Hapo sikujua kwamba nimepata jibu. Kila mtu Nairobi hutoa hicho kitu. Fundi wangu alipokisikia alicheka, akasema akinunua gari, kabla ya kuliosha anatoa themostati. Ni kama kutoa plastiki kwenye kiti kipya. Kwa hivyo huenda kaka alikuwa sawa. Lakini kilichonichoma hakikuwa maji wala joto. Baba amelala hospitali na mirija, mimi niko pale kwenye benchi na mtoto mgongoni, na huyu mtu hana nafasi ya kuja kumwona, ila ana nafasi ya kufungua gari lake na kutoa vitu. Nikaapa nitarudisha kila kitu baba alichokuwa nacho humo ndani, hata kama ni takataka.

"Ukirudisha hiyo kitu utaua injini," kaka alisema.

"Basi itakufa ikiwa kamili."

Nilienda Ngara asubuhi, nikashuka kwa mguu mpaka maduka ya vipuri. Pale unapata kila kitu. Ukitaka mlango wa kushoto wa gari lililopotea wiki jana unaweza kuupata, na pengine ni wako. Themostati, hakuna. Duka la kwanza walinitazama kana kwamba nimeomba kiatu cha farasi. Duka la pili jamaa akaniuliza, "Unataka kuweka ama kutoa?"

"Kuweka."

Akamwita mwenzake aje aone. "Kuja uone, kuna mama hapa anataka kuweka themostati."

"Mzee wake anajua?" mwenzake akauliza kutoka ndani.

Nilimwambia nilichomwambia, na hapa sitakirudia kwa sababu mama husoma.

Mwishowe nikaingia kwa duka dogo, msichana mmoja yuko nyuma ya kaunta anakula mandazi. Nikamwambia aina ya gari na injini. Hakucheka. Akapanda ngazi, akachakura juu kabisa, akashuka na kiboksi ambacho kilikuwa na vumbi kuliko barabara ya kwetu.

"Hii nimeikuta hapa," akasema.

"Inafanya kazi?"

"Sijui, dada. Hakuna mtu amewahi kuirudisha kulalamika. Lakini pia hakuna mtu amewahi kununua."

"Sasa nitajuaje?"

"Chemsha."

"Kuchemsha?"

"Kama yai. Maji yakipata moto inafunguka. Isipofunguka, rudisha, nitakuwa hapa."

Nikarudi Satellite. Sufuria iliyokuwa safi ilikuwa moja tu, ya uji wa mtoto. Nikatia maji, nikafunga kile kitu na uzi ili kisiguse chini, nikakining'iniza kwenye mwiko, nikawasha gesi. Mama alikuwa amekuja kutuona siku hiyo. Akaingia jikoni akainusa hewa.

"Unapika nini?"

"Kipuri."

"Ati?"

"Cha gari ya baba."

Akaniangalia vile watu huangalia mfiwa ambaye amekataa kulia. Akaweka mkono kwenye paji langu la uso. "Umekula leo?"

"Shosho, ni supu ya gari," mtoto akamweleza.

"Naona," mama akasema, akavuta kiti akakaa, kwa sababu hata yeye sasa alitaka kuona.

Maji yakaanza kutoa mapovu madogo. Kitu kikakaa tu. Mama akasema nyama ngumu huwekwa magadi. Halafu, polepole, kikafunguka. Sahani ya katikati ilisukumwa, nafasi ikatokea pande zote. Na si hivyo tu. Kwa chini kilikuwa na mguu wenye kisahani kingine kidogo, na wakati ile sahani kubwa inafunguka, huo mguu ulikuwa ukishuka chini, kama mtu anayekanyaga klachi. Nilizima gesi, kikapoa, kikajifunga, mguu ukapanda. Nikawasha tena. Tukachemsha kile kitu mpaka mama akaanza kukisifu.

"Hii ina akili," alisema. "Lakini huo mguu ni wa nini?"

Sikujua. Nilijua siku iliyofuata, fundi alipofungua mahali pake kwenye injini, akilalamika kwamba mzee hajampigia. Nilimsogeza, nikaingiza kidole. Palikuwa na tundu kubwa, la maji yanayotoka redieta yakiwa yamepoa. Na chini yake, ndani, palikuwa na tundu lingine dogo. Kisahani cha mguu kilitosha pale kama kifuniko kwenye chupa.

Nikasimama pale na kidole ndani ya injini ya baba, nikaelewa yote.

Maji yana barabara mbili. Kuna ile ndefu inayopita kwenye redieta, ambako yanapoa. Na kuna njia ya panya, fupi, inayozunguka ndani ya injini tu bila kupoa popote. Injini ikiwa baridi asubuhi maji hupita njia ya panya, na hiyo ni sawa. Ikipata joto, themostati inafungua barabara kubwa na wakati huo huo inakanyaga njia ya panya na mguu, inaifunga. Kaka alidhani ametoa mlango. Alitoa mlango na askari. Sasa njia ya panya ilikuwa wazi siku nzima, na maji ni kama madereva wa Nairobi, ukiyaachia njia ya panya hakuna atakayefuata barabara. Nusu yalikuwa yakipita redieta, nusu yakizunguka na moto wao. Kwenye jam injini haifanyi kazi kubwa, hiyo nusu inatosha. Mlimani, na kabeji nyuma, haitoshi.

Nikamwonyesha fundi. Akachungulia, akaingiza kidole chake pia.

"Kumbe iko na mguu," alisema.

"Uliwahi kuiona ikifanya kazi?"

"Siz, mimi huitoa tu."

Halafu akataka kuiweka kichwa chini. Nikamzuia mkono. Tukaiweka vizuri, na gasketi mpya, tukamwaga maji yote ya swimming pool, tukajaza yale ya kijani yanayofaa. Tukaliegesha gari pua ikiangalia juu kwenye mteremko, kifuniko wazi toka likiwa baridi, likanguruma mpaka mapovu yote ya hewa yakaisha na maji yakatulia. Fundi akasema sasa naweza kwenda Sudan. Nikamwambia aachane na Sudan.

Sikupata nafasi ya kulijaribu mlimani na mzigo. Mtoto alishikwa na homa wiki yote, na ghafla ikawa Jumapili ya mavuno. Nikaenda kwa mama. Mama alikuwa ametoa vitu nje, na alikuwa amezidisha makusudi. Kabeji kwa magunia, mikungu ya ndizi, nduma, viazi, maboga, jogoo mmoja amefungwa miguu, na mashangazi wawili waliovaa vitambaa vyao vya chama cha akina mama. Gari likainama nyuma kama mtu anayechuchumaa.

Kaka, aliyekuwa ameacha gari lake jipya kanisani asubuhi na kushuka kwa pikipiki, akakaa mbele, kando yangu. Alikuja na mtungi wa maji, wa lita ishirini, akaubana katikati ya magoti.

"Ya nini hiyo?"

"Ya injini. Ama utapigia ile swimming pool?"

Sijui nani alimwambia. Siku moja nitajua.

Tukaanza kupanda. Gea ya pili, mguu chini, injini inaunguruma, nyuma mashangazi wakaanza wimbo wa mavuno na jogoo akaanza wake. Kaka hakuangalia barabara. Aliangalia mshale. Mimi pia. Ukapanda, ukapanda, ukafika katikati. Hapo ndipo siku zote huwa hausimami. Tukapita kona ya shule, ukakaa katikati. Tukapita pale mahali baba alikuwa anabadilisha gea, ukashuka kidogo, ukarudi. Nilijua hata bila kuona ndani: maji yamepata moto, mguu umekanyaga.

Kaka akagonga kioo cha dashibodi na kidole.

"Hii mshale imekwama."

"Haijakwama."

"Imekufa hii. Injini inaungua hapo ndani na hatujui. Simamisha!"

"Simamishi."

"Mathe, mwambie asimame, anaua gari ya mzee!"

Mama akakatiza wimbo. "Kwani kuna moshi?"

"Hakuna, lakini..."

"Basi nyamaza tuimbe."

Tukafika juu. Nikaegesha mbele ya kanisa. Kaka akashuka kabla gari halijasimama vizuri, akaenda mbele, akafungua boneti mbele ya wazee wote wa kanisa, akarudi nyuma hatua moja akingoja mvuke. Hakuna. Akaweka kiganja karibu na redieta. Akainama kusikiliza. Watu wakaanza kukusanyika, maana Mkenya akiona boneti wazi hawezi kupita.

Mama akashuka taratibu, akapanga kitambaa chake kichwani.

"Imechemka?"

Kaka akatazama ndani ya injini kana kwamba ingemsaidia. "Haijachemka."

"Sema watu wasikie, usije ukashauri tena kesho."

"Haijachemka, mathe."

"Basi ni ya dada yako. Beba kabeji."

Akabeba. Alipomaliza gunia la mwisho akaja kando yangu, jasho limelowesha lile shati la kunyooshwa, akaongea chini chini kama mtu anayeuliza bei ya dawa ya aibu.

"Siz. Hiyo kitu uliipata duka gani?"

"Ya nini na unasema ni ya wazungu?"

Akaangalia kule gari lake jipya lilikoegeshwa, lile ambalo alisema alikuja nalo mapema ili lisipate mzigo.

"Hata hiyo yangu nilitoa," alisema. "Na siku hizi inachemka."

Nilicheka hadi jogoo akaniangalia. Halafu hasira ikanirudia, nikakumbuka yale maji ya bluu, zile mboga, na vile alivyokuwa anampigia mama simu huku la kwake likitoa mvuke mahali ambapo hatumwoni. Nikamwambia nitampeleka dukani mwenyewe, kwa gari langu, na atakaa nyuma na makreti, na tukifika ni yeye atakayemwambia msichana wa kaunta, kwa mdomo wake, kwamba anataka kuweka, si kutoa.

"Siz, si unaandika tu jina la duka."

"Ingia kanisani," nikamwambia. "Tutaenda Jumatatu."